Mitumbwi ya kuchezea ya fundi wa Kirumba: chukua bodi tupu, tanga malizieni nyumbani

Mnaouliza ile mitumbwi ambayo watoto wangu wanaikimbiza ufukweni Luchelele nainunua wapi: ni kwa fundi samani mmoja Kirumba, hapa Mwanza, njia ya kushukia mwaloni kwenye soko la samaki. Hana kibao. Ukiona vitanda vimepangwa nje na mitumbwi midogo inaning'inia kwenye msumari, umefika.

Anauza aina mbili. Uliokamilika, wenye mlingoti, tanga na rangi, ni shilingi 8,000. Bodi tupu, yaani umbo limechongwa na kupigwa msasa tu, ni 3,000. Huo wa 8,000 unapendeza kabatini, majini ni aibu. Mlingoti ni mrefu kuliko mtumbwi, tanga ni la kitambaa kizito, na chini hakuna farumi yoyote, yaani uzito wa kuuzuia usipinduke. Upepo ukiugusa tu, chali. Nilipomwambia fundi alicheka: "Mama, wateja wananunua kwa macho." Sawa, lakini aliyelia ni mwanangu wa miaka saba, si macho.

Bodi ndiyo ya kumsifia. Anaichonga kwenye masalia ya mbao za paini, kwa hiyo ni nyepesi, pua imechongoka kama mitumbwi ya dagaa, na tumbo amelikomba kwa patasi bila kulitoboa. Dosari yake ni kwamba paini isiyo na rangi inakunywa maji. Mtumbwi unaanza vizuri, baadaye unalemea kama umepakia mzigo. Pakeni rangi ya mafuta mara mbili, ndani na nje, muache ikauke usiku kucha.

Mlingoti wetu ni kijiti cha mishikaki, kisizidi urefu wa bodi. Tanga tunakata kwenye pakiti ya maziwa, maana mifuko ya rambo ilipigwa marufuku Juni 2019 na kiroba ni kizito. Farumi ni msumari wa inchi nne, unafungwa kwa waya chini ya bodi, kwa urefu. Hapo ndipo watoto wanapogombania. Binti yangu anausogeza nusu kidole nyuma, anauweka mtumbwi kwenye beseni, anainama mpaka jicho linakaribia maji kuona kama pua imeinuka, halafu anautoa na kuanza upya. Kaka yake yeye anafunga popote, na kusema ukweli huwa anashinda mara nyingi tu.

Msishindanishe asubuhi. Saa hizo upepo hutoka nchi kavu, mitumbwi inaelekea Sengerema, ng'ambo ya maji, na hakuna wa kuifuata. Mchana unageuka, unavuma kutoka ziwani. Mkianzia kwenye jiwe lililoingia majini, inakuja yenyewe ufukweni. Ila mchana wa jua kali ndio konokono wa majini wanamwaga vimelea vya kichocho kwa wingi, na vinapenya ngozi bila mtu kuhisi, hasa penye majani na maji yaliyotulia. Kwangu mtoto hakanyagi maji. Naokota mimi, na mabuti ya mvua, huku napigiwa kelele nisiguse mtumbwi kabla haujafika.

Mkitaka bodi nyingi kwa ajili ya sherehe, pelekeni oda mapema, na mwambieni "bila mlingoti" mara mbili, maana mkono wake umeshazoea.