Karakorum: ukuta wa kwenye picha si wenyewe

Kilichonifanya nilipe ni ule ukuta mweupe kwenye tangazo. Ziara ya siku mbili kutoka Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia, gari na mwongozaji, "uingie mji wa makhan", yaani Karakorum, mji mkuu wa zamani wa watawala wa Wamongolia. Tukala kilomita kama 360, mgongo unaniwaka, tukashukia mbele ya ukuta uleule na vijinara vyake 108. Mzuri, sikatai. Ila ni wa monasteri ya Erdene Zuu, iliyoanza kujengwa 1585, karibu karne mbili baada ya majeshi ya Ming, ukoo uliotawala China, kuuteketeza mji mwaka 1388. Tena waliojenga walichukua mawe ya magofu ya huo mji!

"Sasa ukuta wa Khan Ögedei uko wapi, ule wa 1235?" Mwongozaji akaninyooshea kidole kwenye tuta la nyasi. Ulikuwa wa udongo.

Kilichoniokolea pesa yangu ni makumbusho yaliyo hapo jirani. Kuna mfano mdogo wa mji mzima, nikauzunguka kama mtoto. Mtawa William wa Rubruck, aliyefika 1254, aliandika kwamba kila lango lilikuwa na soko lake: mashariki mtama na nafaka nyingine, tena kwa nadra, magharibi kondoo na mbuzi, kusini ng'ombe na mikokoteni, kaskazini farasi. Yaani ukitumwa sokoni, ujue kabisa umetumwa nini kabla hujavaa viatu. Ndani, mtaa wa Waislamu ndio uliokuwa na masoko, wa Wachina umejaa mafundi. Misikiti miwili, kanisa moja, mahekalu kumi na mawili. Khan mwenyewe hakukaa sana humo, alihamahama na mahema yake.

Ikulu ilikuwa na mti wa fedha, kazi ya fundi wa Paris, Guillaume Boucher, ukimwaga vinywaji vya aina nne, kimojawapo maziwa ya farasi yaliyochachushwa. Haya yapo hadi leo, yanaitwa airag. Nilipewa bakuli zima: machachu, yanatekenya ulimi, na bakuli la pili sikulikataa.

Nyota tatu. Mbili nimewakata waandaaji kwa ile picha, na kwa kutupeleka makumbushoni mwisho, saa tumechoka. Ukienda, mwambie dereva aanzie huko, kisha mtafute kobe wa jiwe nje ya ukuta wa monasteri, aliyefungwa vitambaa vya buluu. Huyo ni wa Karakorum yenyewe.