Jero ya kinywaji cha mtoto: kipi ununue, kipi umwachie Mangi

Kila asubuhi dukani kwa Mangi, huku Mbagala, Dar es Salaam, utawakuta watoto wa shule ya msingi wakiwa na jero (shilingi mia tano) mkononi wananunua kichupa cha "juisi" ya embe. Kifuniko wanakifungua kwa meno, na kabla hawajavuka barabara chupa imeisha na ulimi umekuwa wa njano. Juzi niliomba kichupa kimoja nikasoma ubavuni: maji, sukari, asidi ya sitriki, ladha ya embe, rangi. Embe lenyewe halimo.

Mwongozo huu ni wa mzazi mwenye jero au buku (shilingi elfu moja), si wa mwenye friji iliyojaa. Nimevipanga vinywaji kwa swali moja: hela ikishatoka, mtoto anabaki na nini mwilini? Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa, kwa hiyo swali lenyewe ni la kila nyumba.

Nazungumzia mtoto aliyetimiza mwaka. Chini ya miezi sita hakuna cha kununua. Ni ziwa la mama tu, hata maji hapana. Akivuka hapo anaanza uji na vyakula laini huku akiendelea kunyonya, na maziwa ya ng'ombe yasichukue nafasi ya ziwa kabla hajafikisha mwaka.

Maji sijayapa namba kwa sababu hayana mshindani. Chemsha, au tia dawa ya klorini kwa kipimo cha kwenye kifungashio. Mkaa ukiwa haupo, jaza maji yasiyo na tope kwenye chupa safi ya plastiki inayoonyesha, isizidi lita 2, ilaze juani kwa saa sita. Maji ya kandoro, yale ya vifuko vya plastiki yanayouzwa njiani, mimi simpi mwanangu, maana sijui yametoka bomba gani.

1. Maziwa na mtindi

Robo lita ya maziwa ina karibu gramu 8 za protini na miligramu 300 za kalsiamu. Huku kwetu bei yake haipishani sana na soda ya chupa, na hapo ndipo ninapogombana na akina mama wenzangu wanaosema maziwa ni ya matajiri. Si lazima kila siku. Hata mara tatu kwa wiki ni kitu.

Ukinunua ya kupimiwa, chemsha mpaka yafoke, hata muuzaji akiapa kwamba ng'ombe ni wake. Maziwa mabichi yanaleta magonjwa kama brusela na kifua kikuu. Yakikatika jikoni, yalikuwa yameshaanza kuharibika. Kama huna friji, chukua mtindi usiotiwa sukari, maana unavumilia zaidi kuliko maziwa fresh.

Angalia pia vile vipakiti vidogo vya unga. Vingine si maziwa ya unga kamili, ni unga wa kuungia chai. Ukiona "mafuta ya mimea" kwenye orodha ya viambato, ujue mafuta ya maziwa yameondolewa yakawekwa ya bei rahisi. Na yale maziwa mazito matamu ya kopo, karibu nusu yake ni sukari. Hayo ni ya kupaka mkate, na usipake sana.

Usizidishe pia. Mtoto mdogo anayeshinda na maziwa tu hali chakula, na maziwa yana madini ya chuma kidogo mno. Vikombe viwili kwa siku vinamtosha.

2. Uji, lakini si ule wa nafaka kumi

Kuna unga wa "lishe" unaosifiwa kwa kuwa na kila kitu: mahindi, ulezi, mtama, ngano, mchele, soya, karanga, mbegu za maboga. Sinunui. Karanga ikishasagwa huwezi kuona ilikuwa na ukungu au la, na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haifi kwa kuchemsha. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, kwenye mahindi. Soya nayo isipopikwa au kukaangwa vizuri kabla ya kusagwa inamvuruga mtoto tumbo.

Nunua ulezi mtupu, au ulezi na mahindi. Karanga chagua mwenyewe, zilizosinyaa na zenye ukungu tupa, kisha twanga za siku mbili tatu.

Tatizo la uji wetu ni wepesi. Ule unaomiminika kama chai unajaza tumbo kwa maji. Pika mzito, epua, uache upoe kidogo, tia kijiko cha unga wa kimea cha ulezi (ulezi uliooteshwa, ukakaushwa, ukasagwa), halafu koroga. Utauona unalegea mbele ya macho yako, bila kuongeza hata tone la maji. Rudisha jikoni uchemke tena. Mtoto anakunywa kikombe kilekile ila chakula ndani yake ni kingi zaidi. Wanaojua kupika togwa hili halitawashangaza.

3. Ubuyu wa nyumbani

Nunua unga wa ubuyu mweupe, si zile mbegu nyekundu zilizokolezwa rangi na sukari. Una vitamini C, ambayo inausaidia mwili kuchukua madini ya chuma ya maharage na mchicha. Chemsha maji, yaache yapoe, ndipo ukoroge. Ukiupika, vitamini hiyo inapungua. Sukari kijiko kimoja kwa kikombe, siku zinavyokwenda punguza. Madafu ni mazuri, lakini kwa bei yake yana protini kiduchu.

4. Chai ya rangi

Ndiyo wanayokunywa wengi, na andazi. Shida yake ni kwamba inazuia madini ya chuma ya mboga na maharage yasiingie mwilini. Ikibidi, mpe mbali na mlo, nyepesi, sukari kidogo.

5. Juisi za rangi na soda

Soda ya kola ya mililita 350 ina sukari karibu gramu 37, yaani vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula chote cha siku, na kwa mtoto wa darasa la kwanza hiyo ni karibu vijiko tisa vilevile. Chupa moja, siku imekwisha. Nilivipima nikavimwaga kwenye glasi kavu mezani mwanangu aone. Akaniuliza kama anaweza kuilamba.

Maneno "kinywaji chenye ladha ya" yana maana yake: tunda si lazima liwemo. Nembo ya TBS, shirika la viwango, inakuambia kinywaji kimekidhi kiwango, haikuambii kinamjenga mtoto.

Vinywaji vya kuongeza nguvu sivipi namba. Vina kafeini, na chupa nyingi zenyewe zimeandikwa kwamba si vya watoto, ila herufi ni ndogo na Mangi hasomi akimpa mtu chenji.

Wangu soda anapata sikukuu na akialikwa harusini. Siku nyingine anatoka na chupa ya uji begani, na jero yake tunaiweka kwenye kopo la maziwa ya Jumamosi.