Dawa za upara Unguja na Pemba: ya kununua kwanza na ya kuiacha dukani

Kabla hujafungua pochi, jipapase kichwa. Orodha hii ni ya upara wa kurithi, ule unaoanza mapanjani au utosini, usiowasha wala kuacha magamba. Mtoto mwenye viraka vya mviringo vyenye magamba ana mashilingi (mapunye), na hayo yanataka vidonge vya griseofulvini au terbinafini kwa wiki kadhaa, kwa sababu krimu haifiki kwenye shina la nywele. Kiraka kilichotokea ghafla, laini kama ganda la yai, ni kazi ya daktari wa ngozi. Mama aliyejifungua miezi mitatu nyuma na nywele zinatoka kwa mafungu asinunue kitu. Kwa kawaida zinarudi ndani ya mwaka. Aliyekatika nywele kwenye kingo za uso kwa rasta au twende kilioni ya kuvutwa, dawa yake ni kumwambia msusi alegeze mkono. Na mwanamke ambaye utosi unapanuka huku ukichoma au kuwasha asijaribu mafuta hata wiki moja: huenda kovu linatengenezeka chini ya ngozi, na kovu halioti nywele.

Nafasi ya kwanza: minoksidili ya asilimia 5. Ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu, wagonjwa wakaota nywele wasizozitaka, na mwaka 1988 Marekani ikaidhinisha ya kupaka kichwani. Mwanamme anapaka mililita 1 asubuhi na 1 usiku, juu ya ngozi kavu, si juu ya nywele. Chupa ya mililita 60 basi ni ya mwezi mmoja. Ukiulizia bei dukani, izidishe mara 12 hapo hapo. Kama jumla hiyo huiwezi, bora usianze, kwani ukiacha kupaka nywele ulizopata zinaondoka ndani ya miezi michache.

Kinachowaangusha wengi huku kwetu ni udhu. Dawa inataka kama saa nne bila maji, na kupaka maji kichwani mara tano kwa siku kunaivuruga. Paka baada ya sala ya Alfajiri, una saa saba mpaka Adhuhuri. Halafu baada ya Isha. Anayepaka baada ya Alasiri anaifuta mwenyewe Magharibi. Usiku iache ikauke kabla ya kulala, ama itahamia kwenye foronya, na kutoka foronya kwenye shavu, na shavu nalo litaota.

Kati ya wiki ya pili na ya nane nywele zinaweza kupukutika zaidi. Hapo ndipo chupa nyingi hutupwa. Mashina yanasukuma nywele kuukuu zitoke ili mpya ziingie. Pima matokeo baada ya miezi minne hadi sita, kwa picha zilizopigwa pahala pamoja na mwanga ule ule. Ngozi ikiwasha na kubabuka, mara nyingi mkosaji ni propilini glaikoli iliyomo kwenye dawa ya maji, basi hamia ya povu, ambayo haina. Povu kwa joto letu linayeyuka vidoleni: suuza mikono kwa maji baridi, ikaushe, ndipo ulikamue. Wanawake hutumia ya asilimia 2, au povu la asilimia 5 mara moja kwa siku, lakini si mjamzito wala anayenyonyesha. Mwenye maradhi ya moyo amuone daktari kwanza. Na kwa nyumba za Mji Mkongwe: dawa hii inaweza kumuua paka hata akilamba kidogo tu. Jipake wewe, usimpake paka.

Ya pili ni finasteraidi, kidonge cha miligramu 1 kwa siku, kwa wanaume tu na kwa cheti cha daktari. Inazuia testosteroni isigeuke homoni ya DHT, ambayo ndiyo inayosinyaza mashina. Nguvu yake kubwa ni kuzuia zilizobaki zisiondoke. Ile ya miligramu 5 ni ya tezi dume, na wapo madaktari wanaoagiza ikatwe vipande vinne. Tumia kikata vidonge, si kisu cha jikoni, na mjamzito asiguse vipande wala vumbi lake, kwani linaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Wachache hupungukiwa na hamu ya tendo la ndoa au huingiwa na huzuni. Likitokea hilo, rudi kwa daktari, usione haya. Ukipimwa damu ya tezi dume, mwambie mpimaji unaimeza, kwa sababu inashusha kipimo cha PSA kwa karibu nusu.

Shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2 inakuja ya tatu, na ni kwa mwenye mba khasa: mara mbili kwa wiki, iache dakika 3 hadi 5 kisha suuza.

Mafuta ya nazi, mbarika na habasoda yanapunguza kukatika na kuzipa nywele mng'aro. Utosi uliokwisha kuwa wazi hayauoteshi, hata chupa iandikwe nini. Mafuta ya makonyo ya karafuu kutoka Pemba ni makali: ukiyapaka matupu yanaunguza ngozi. Anayeyapenda atie matone mawili kwenye vijiko viwili vya chakula vya nazi, basi.

Biotini, aina ya vitamini, ni ya mwisho. Asiyekuwa na upungufu wake haimwongezei unywele, na inaweza kuharibu majibu ya vipimo vya moyo na vya tezi ya shingo.

Kupandikiza nywele Uturuki tumekuweka nje ya orodha. Huhamisha nywele za kisogoni, haziongezi idadi, na dawa utaendelea nayo. Shina la nywele za kipilipili limepinda ndani ya ngozi, basi muulize daktari amepasua vichwa vingapi vya namna hiyo. Mwenye ngozi inayofanya makovu ya kuvimba aache.

Dukani, kataa chupa isiyo na jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya kwisha, na iliyokaa juani. Ukiitilia shaka, waulize Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar kama imesajiliwa.

Asiyetaka lolote kati ya hayo anunue mashine nzuri ya kunyolea. Abakishe milimita moja hivi kisogoni, kwani wembe wa chini kabisa huleta vipele vinavyogeuka makovu. Juu yake kofia ya viua. Haisababishi upara, hata uivae mchana kutwa.