Vimeng'enya vya Chakula cha Samaki: Kipi Ununue Kwanza

Kama unalisha peleti za kiwandani zinazoelea, hifadhi pesa zako. Unga wa kimeng'enya (enzyme, kinachosaidia kuvunja chakula tumboni) ukiumwagia juu ya peleti, mwingi huoshwa na maji kabla samaki hajafungua kinywa. Mwongozo huu ni wa anayejichanganyia mwenyewe: pumba za mchele kutoka Ahero, pumba za mahindi, mashudu ya alizeti au pamba, soya na omena.

La kwanza, bila ubishi, ni faitasi (kwenye lebo huandikwa phytase). Takriban theluthi mbili ya fosforasi iliyo katika pumba na mashudu imefungwa ndani ya faiteti (namna mmea unavyohifadhi fosforasi), na ngege (tilapia) hana uwezo wa kuifungua. Inapita tumboni na kutoka na kinyesi, ndiyo hiyo inayolisha mwani bwawani. Faitasi huifungua, na hupenda asidi, kwa hiyo tumbo la ngege na la kambare linaifaa. Samaki aina ya kapu (carp) hana tumbo la asidi. Kwake faida hupungua.

Faitasi ya kuku inayouzwa agroveti inafaa pia. Usinunue kwa uzito wa pakiti, nunua kwa yuniti, yaani FTU kwa gramu. Kipimo cha kawaida ni yuniti 500 hadi 1,000 kwa kilo ya chakula. Pakiti ya kilo moja yenye yuniti 5,000 kwa gramu, ukitumia 1,000, inatosha tani 5. Yenye yuniti 10,000 inatosha tani 10. Gawanya bei kwa tani hizo ndipo ulinganishe. Pakiti isiyotaja yuniti, iache pale pale kaunta.

Kwa kilo 100 za chakula unahitaji gramu 20 tu za ile ya 5,000. Ukizitupa moja kwa moja kwenye rundo, samaki mmoja atazila zote na wenzake wakose. Zichanganye kwanza na kilo moja ya unga laini, kisha na kilo 10, ndipo uingize kwenye rundo zima. Ukitumia uji wa muhogo kugandisha, upike kando na uuache upoe hadi kidole kivumilie; uji wa moto huua kimeng'enya, nawe utabaki na unga ghali usiofanya kitu. Kinu kinachochemsha peleti kwa mvuke, nyuzi 80 na kuendelea, kinahitaji faitasi iliyofunikwa dhidi ya joto. Chokaa nayo usizidishe: kalsiamu nyingi hushikamana na faiteti, na faitasi huishia kubisha mlango uliofungwa.

La pili ni mchanganyiko wenye vimeng'enya vya zailanasi (xylanase) na bita-glukanasi (beta-glucanase), unaovunja kuta za nyuzinyuzi. Ununue pale pumba zinapokuwa nyingi kwenye fomula yako, na ikiwezekana uchukue ule ambao tayari una faitasi ndani.

Proteasi (protease), inayovunja protini, iko ya tatu. Husaidia pale omena inapopunguzwa na mashudu kuongezwa, lakini kila mtengenezaji ana kipimo chake cha yuniti, kwa hiyo huwezi kulinganisha pakiti mbili kwa namba pekee. Tena haichukui nafasi ya kukaanga soya. Soya mbichi ina vizuizi vya mmeng'enyo vinavyopaswa kuuawa kwa moto. Sumu ya gosipoli katika mashudu ya pamba haiigusi kabisa.

Amilasi (ya kuvunja wanga) na selulasi (ya kuvunja nyuzinyuzi) zikiuzwa pekee ziko mkiani. Ngege humeng'enya wanga vizuri mwenyewe.

Kabla ya chochote, chota gao la omena uliyonunua, ulitie kwenye ndoo ya maji, ukoroge. Kinachotulia chini ni mchanga, na hakuna kimeng'enya kinachomeng'enya mchanga. Ukiwa mwingi, badilisha muuzaji kwanza. Pakiti iliyofunguliwa ifungwe isiingie unyevu, ikae kivulini. Ikishashika mabonge, usiipime tena.