Vazi la majini la mikono mirefu kwa mtoto: maoni ya mzazi wa nyumba mbili

Vazi hili la kuchezea majini, lenye mikono mirefu, kola ya kusimama na zipu ya mbele, nililinunua baada ya mimi na mzazi mwenzangu, ambaye tunalea mtoto kila mmoja kwake, kushindwa kuafikiana kuhusu losheni ya kukinga jua: yeye hataki mtoto wa miaka mitatu apakwe kemikali mwili mzima, nami sitaki ababuke. Lebo imeandikwa UPF 50+, yaani kitambaa hakipitishi zaidi ya asilimia 2 ya miale ya urujuanimno (UV), ile ya jua inayounguza ngozi, na kinga hiyo haimtegemei mtu wa kukumbuka kupaka upya kila baada ya saa mbili. Kwa wazazi waliotengana hilo si jambo dogo. Wekundu wa kuungua na jua huchelewa saa kadhaa kujitokeza na hukolea kati ya saa 12 na 24, hivyo mtoto aliyekabidhiwa jioni akiwa hana alama yoyote huweza kuamka mwekundu katika nyumba ya pili, na hapo kila upande huapa kwamba si kwake alikounguzwa.

Ushonaji wake unaridhisha. Mishono ni bapa, haikwaruzi kwapani, na ncha ya juu ya zipu imefunikwa kwa kitambaa ili isimbane mtoto kidevu. Kulivua likiwa limelowa, hata hivyo, ni kazi ya watu wawili, na kofia inayouzwa pamoja nalo ni kepu tu, inayoacha masikio na kisogo wazi. Itafuteni nyingine yenye ukingo mpana pande zote. Msilazimishe vazi lililokwisha kumbana mtoto, kwa kuwa kitambaa kikivutika nyuzi huachana na kinga hupungua.

Uso, viganja na miguu bado vinahitaji losheni. Tulichagua ya oksidi ya zinki, SPF 50 (SPF ni kipimo cha kinga ya losheni dhidi ya kuungua na jua), na kwa kuwa sehemu ya kupaka imebaki ndogo, mzazi mwenzangu hakupinga. Zinki huacha weupe usoni, ambao wengi huulalamikia. Mimi naupenda, kwani anayempokea mtoto huona mwenyewe kwamba amepakwa. Kwa bei yake si rahisi, lakini ningeshauri yanunuliwe mawili, moja likae kila nyumba, ili lisiwe kitu kingine cha kudaiana mlangoni.