Bomani angeongoza TANU, au angeshinda 1965?

Ukikuta watu wa Mwanza wanabishana kuhusu Paul Bomani, mwanaushirika wa pamba aliyekuja kuwa waziri, "ingekuwaje" huwa mbili.

Ya kwanza: Machi 1955 Nyerere, badala ya kuacha ualimu ili aongoze TANU, chama cha kudai uhuru, abaki na chaki zake Pugu, chama kimwangukie Bomani. Inavutia, maana Bomani alikuwa na wakulima nyuma yake. Alianzia kwenye mizani: mkulima wa pamba alipunjwa na wanunuzi, yeye na wenzake wakadai upimaji wa haki, na humo ukazaliwa ushirika mkubwa wa Victoria, makao yake hapa mjini. Lakini TANU ilipigwa marufuku Usukumani kuanzia 1954 hadi 1958. Kiongozi wa taifa ambaye chama chake hakiruhusiwi nyumbani kwake? Angehamia Dar es Salaam na kuwaacha walewale waliompa nguvu.

Ya pili naiamini zaidi. Uchaguzi wa 1965, wagombea wawili wa TANU karibu kila jimbo, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine ya nyumba. Bomani, Waziri wa Fedha mzima, akaanguka! Rais alimrudisha bungeni kwa kumteua, ila Fedha ikaenda kwa Amir Jamal. Angeshinda, Azimio la Arusha la 1967, lile la ujamaa, lingemkuta Hazina. Lingepita tu, Mwalimu hakuwa wa kuzuiwa na mahesabu. Vyama vikuu vya ushirika, vilivyovunjwa 1976, ndivyo vingekuwa na mtetezi mezani. Badala yake, mwaka huo mtetezi mwenyewe alikuwa balozi Washington.