Ship Your Reptiles: tathmini ya huduma ya kusafirisha nyoka, mijusi na kobe kwa ndege ndani ya Marekani

Ship Your Reptiles ni duka la mtandaoni la Marekani linalouza kitu ambacho mfugaji wa kawaida hakipati peke yake: ruhusa ya kuweka nyoka, mjusi au kobe hai kwenye ndege za FedEx, kampuni ya kusafirisha vifurushi. Ruhusa hiyo huja kama lebo ya kubandika kwenye boksi. Vingine vinavyouzwa humo, yaani maboksi, paketi za joto, mifuko na vikopo, hupatikana na kwingineko. Lebo ndiyo mali yenyewe. Na kwa kazi hiyo ya lebo, huduma hii inastahili kusifiwa. Ila wengi wanaolipia hudhani wamelipia usalama wa mnyama pia, na usalama huo haumo kwenye bei.

Kwanza tuone kwa nini lebo ina thamani. Posta ya Marekani hupokea mijusi midogo isiyo na madhara, lakini nyoka na kobe imewakataa wazi. UPS, kampuni nyingine ya vifurushi, nayo haichukui nyoka wa aina yoyote. FedEx huchukua reptilia wasio na sumu, lakini kutoka kwa wasafirishaji walioidhinishwa tu, wenye vifungashio vilivyokubaliwa. Mtu wa Dallas aliyenunua chatu wa aina ya Python regius kwa mfugaji wa Florida hawezi kuingia ofisi ya FedEx na boksi lake akalipa dirishani kama anayetuma viatu. Wako wanaofanya hivyo kwa kuandika "vifaa vya nyumbani" kwenye fomu. Hilo ni kosa chini ya sheria ya shirikisho iitwayo Lacey Act, ya mwaka 1900 iliyofanyiwa marekebisho makubwa 1981, inayokataza kudanganya kuhusu mnyama aliyemo ndani ya mzigo. Boksi likikwama njiani, mnyama hubaki mahali ambapo hakuna anayejua kuwa yuko hai.

Matumizi yenyewe ni mepesi. Unafungua akaunti, unaandika anwani mbili, vipimo na uzito wa boksi, unalipa na kuchapa lebo ya Priority Overnight. Ukiliwasilisha jioni, boksi huruka usiku, aghalabu kupitia kituo kikuu cha Memphis, Tennessee, na sehemu nyingi za nchi hufika kesho yake kabla ya saa 4:30 asubuhi. Bei hubadilika kwa umbali na ukubwa, na hapa wageni hushangaa: FedEx hutoza kwa uzito wa mizani au kwa ujazo, ule ulio mkubwa. Ujazo hupatikana kwa kuzidisha urefu, upana na kimo kwa inchi, kisha kugawa kwa 139. Boksi la inchi 12 kwa 9 kwa 6 huhesabiwa pauni 5 hata kama ndani kuna geko, mjusi mdogo, wa gramu 60. Kwa hiyo usichukue boksi kubwa "ili apumue vizuri". Boksi kubwa ni ghali, hupoteza joto haraka, na mnyama hurushwa huku na huku ndani yake.

Mzigo hauachwi kwenye sanduku la barabarani, wala kwenye duka la dawa linalopokea vifurushi. Upeleke kwenye kaunta ya FedEx yenye wafanyakazi wa kampuni, ile inayoitwa Ship Center, karibu na muda wa mwisho wa kupokea, ili usikae ghalani saa nyingi kabla ya gari la uwanja wa ndege. Upande wa mpokeaji, chagua mzigo ushikiliwe kwenye Ship Center ya kwao, aufuate mwenyewe. Kama kuna ushauri mmoja wa kuzingatia katika makala hii, ni huu. Gari la kusambaza mizigo halina kiyoyozi kule nyuma, na mchana wa Julai huko Arizona au Texas boksi linaweza kuzunguka nalo hadi adhuhuri. Ndani ya jengo la FedEx joto ni la kawaida. Tofauti hiyo peke yake huokoa wanyama wengi kuliko paketi yoyote.

Siku za kutuma ni Jumatatu hadi Jumatano. Alhamisi ni kamari, maana ndege ikichelewa siku moja tu unaingia Jumamosi, na boksi linaweza kulala hadi Jumatatu. Wiki za Krismasi ziache kabisa. Kabla ya kuchapa lebo angalia hali ya hewa ya sehemu tatu: unakotuma, Memphis, na linakokwenda. Watu husahau Memphis. Radi za kiangazi na barafu ya Januari vikifunga uwanja ule, mizigo mingi ya nchi husimama, hata kama kwako na kwa mpokeaji jua linawaka. Kanuni nzuri ni kuahirisha pale joto la usiku linaposhuka chini ya nyuzi 4 za Selsiasi au la mchana kupanda juu ya 32 katika mojawapo ya sehemu hizo. Ukiahirisha umepoteza siku chache tu.

Sasa ufungaji, ambako ndiko makosa mengi hutokea. Boksi la karatasi ngumu liwe na kuta za povu gumu pande zote sita, unene wa nusu inchi au robo tatu, na vipande vikutane bila nafasi. Nyoka huingia kwenye mfuko wa kitambaa uliogeuzwa ndani nje, ili nyuzi za mishono zisimnase magamba au ulimi. Msokote shingo ya mfuko, ukunje, ufunge fundo, kisha ukaze kwa kamba ya plastiki ya kujikaza juu ya fundo. Kila nyoka na mfuko wake. Watoto wa nyoka na mageko huingia kwenye vikopo vya plastiki vyenye mifuniko, na karatasi laini ya jikoni iliyofinyangwa, yenye unyevu kidogo sana au kavu kabisa. Matundu ya kikopo yatobolewe kutoka ndani kwenda nje. Ukitoboa kutoka nje, kingo kali hubaki upande wa mnyama na kumchana pua usiku kucha. Kobe hahitaji mfuko: mweke kwenye kasha dogo lenye karatasi zilizochanwa, asiweze kupinduka. Nafasi zote zilizobaki ndani ya boksi zijazwe magazeti yaliyofinyangwa. Litikise polepole, ukisikia kitu kinagonga, fungua ufunge upya.

Maji ya kunywa yasiwekwe, wala chakula. Mnyama anywe vya kutosha hadi siku ya safari, lakini tumbo liwe tupu: geko siku 2 au 3 bila kula, chatu mdogo siku 7 hadi 10. Reptilia hawezi kumeng'enya akiwa kwenye baridi. Panya aliyemo tumboni huoza badala ya kusagika, nyoka hutapika ndani ya mfuko, na anaweza kukabwa na matapishi yake.

Paketi za joto zina sifa kubwa kuliko zinavyostahili, na duka hili, kama yote ya aina yake, huziuza kwa wingi. Ndani yake kuna unga wa chuma unaotoa joto ukikutana na hewa. Maana yake ni kwamba boksi lililozibwa kabisa huizima paketi na kumpunguzia mnyama hewa kwa wakati mmoja. Kwa hiyo toboa matundu mawili hadi manne, ya upana wa penseli, kwenye kuta za boksi na povu. Iwashe paketi kama nusu saa hadi saa nzima kabla, ishike iwe imepata joto kweli, kisha ibandike upande wa ndani wa kifuniko, uso unaopumua ukiwa wazi, na karatasi zitenganishe paketi na mfuko wa mnyama. Paketi ya saa 40 huwa kali zaidi. Ya saa 72 hutoa joto la polepole na kwa muda mrefu, na kwa sababu ndege huchelewa, hiyo ya 72 ndiyo chaguo bora kwa wengi. Lakini itumike pale tu usiku wa njiani unaposhuka chini ya nyuzi 16 hivi. Boksi lenye paketi inayowaka, likiachwa mahali pa nyuzi 30, linaweza kupita 40 ndani, na nyuzi 40 huua kwa muda mfupi. Baridi ya nyuzi 12 kwa usiku mmoja humzubaisha tu chatu mwenye afya. Ukiwa na shaka, paketi ibaki kabatini.

Wakati wa joto wanauza pia paketi zenye jeli inayoyeyuka kwenye nyuzi 22. Hizi ndizo bidhaa bora katika duka lote. Barafu ya kawaida hushuka hadi sifuri na kumgandisha mnyama aliyeigusa, halafu huisha. Jeli hii hugandishwa kwenye friji, si kwenye friza, nayo hushikilia boksi karibu na nyuzi 22 kadiri inavyoyeyuka.

Juu ya boksi, sheria za shirikisho zinadai majina na anwani za mtumaji na mpokeaji pamoja na orodha sahihi ya aina za wanyama na idadi yao. Andika jina la kisayansi, kwa mfano "Python regius, 1", na maneno ya kuonesha kuwa ni reptilia hai wasio na madhara. Wenye sumu hawaingii kabisa katika huduma hii.

Udhaifu mkubwa wa huduma ni kwamba lebo itachapwa hata kama mnyama haruhusiwi kule aendako. Mfumo unajua anwani, haujui sheria, na mzigo wote wa kuuliza ni wako. Hawaii hairuhusu kufuga nyoka. Florida iliwaweka mijusi wakubwa aina ya tegu na iguana wa kijani kwenye orodha ya marufuku mwaka 2021. Kasa na kobe wenye gamba la chini ya inchi 4 hawauzwi kama wanyama wa nyumbani popote nchini tangu 1975, kwa sababu ya bakteria wa salmonela wanaowaugua watoto.

Wasomaji wenye asili ya Afrika Mashariki wana mambo mawili ya kuangalia kwa karibu. Chatu wakubwa wa kwetu, Python sebae na Python natalensis, waliwekwa mwaka 2012 kwenye orodha ya shirikisho ya wanyama waharibifu. Hukumu ya mahakama ya rufaa ya Washington, D.C., mwaka 2017 iliondoa marufuku ya shirikisho ya kuwavusha kati ya majimbo ya bara, lakini kuwaingiza nchini au kuwapeleka Hawaii na Puerto Rico bado ni kosa, na majimbo mengi yana marufuku yao wenyewe. Na kobe mwenye madoa wa nyika zetu, Stigmochelys pardalis, pamoja na kobe wengine wa Afrika, Centrochelys sulcata na Kinixys belliana, huvuka mpaka wa jimbo akiwa na cheti cha daktari wa mifugo aliyeidhinishwa kinachosema amekaguliwa na hana kupe. Sharti hili lilitokana na kupe wa Kiafrika wa jamii ya Amblyomma waliokutwa kwa kobe walioingizwa Marekani, ambao wanaweza kubeba ule ugonjwa wa kujaa maji kwenye kifuko cha moyo unaoua ng'ombe, mbuzi na kondoo. Wanaouza kobe hawa mtandaoni mara nyingi hawakitaji cheti hicho. Kidai kabla ya kulipa.

Huduma hii haivuki mpaka wa nchi. Anayehamia Nairobi na chatu wake anahitaji kibali cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini) cha kusafirisha kutoka mamlaka ya wanyamapori ya Marekani, kibali cha kuingiza cha Kenya kupitia KWS (shirika la wanyamapori la Kenya), cheti cha afya, kasha linalofuata kanuni za wanyama hai za IATA (chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege), na nafasi kwenye mizigo ya shirika la ndege linalopokea reptilia. Kwa upande wa pili, Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016, kwa hiyo anayekuahidi kinyonga wa Usambara "kwa FedEx" anakuuzia kesi.

Bima ya hiari ipo wakati wa kununua lebo. Soma masharti yake siku hiyo hiyo, hasa joto lililoruhusiwa na muda wa kudai, kisha piga picha kila hatua: mnyama akiwa mzima, mfuko, paketi, boksi wazi, boksi lililofungwa. Mpokeaji afungue hapo hapo anapolichukua na apige picha pia. Anayesubiri hadi jioni hujiondolea ushahidi.

Mnyama aliyefika baridi na mlegevu asiwekwe chini ya taa ya joto. Aachwe kwenye joto la chumba kwa saa kadhaa, apande taratibu, ndipo awekwe kwenye kizimba chake chenye maji na mahali pa kujificha. Asishikwe wala kulishwa kwa siku 5 hadi 7, na akae mbali na wanyama wengine wa nyumba angalau siku 30, akiwa na vyombo na mataulo yake peke yake, maana utitiri wa nyoka husafiri kwenye mkunjo wa mfuko na hauonekani mpaka umeshaenea.